Uliza Fundi: PS2 na ndugu zake wa zamani kwenye flati skrini

Mwezi huu redio na simu nimeziweka pembeni, manake meseji zilizoingia nyingi ni za gemu tu. Watu wamenunua flati skrini sebuleni alafu wanatoa PlayStation 2 (PS2) kabatini wanakuta haina pa kuchomeka. Zinazofanana nimezijibu kwa pamoja, ndefu nimezikata, wenyewe mtanisamehe.

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina PS2 ile nene bado nzima kabisa, nilikuwa nachezea kwenye TV ya kichogo. Sasa tumenunua flati inchi 43 haina yale matundu matatu ya njano, nyeupe na nyekundu, ina HDMI mbili na katundu kadogo kameandikwa AV kama ka earphone. Nikachukua ule waya wa king'amuzi unaoingia pale nikauunga na wa PS2, picha ikaja nyeusi na nyeupe inatetemeka, sauti inaunguruma. Mbovu ni TV au PS2? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Hakuna kibovu hapo, ni waya tu hauendani. Hako katundu kanapitisha vitu vinne kwa pini moja: picha, sauti ya kushoto, sauti ya kulia na ethi. Shida ni kwamba kila kampuni imepanga hivyo vinne inavyojua yenyewe, kwahiyo waya wa king'amuzi unaweza kuingia vizuri kabisa hadi ukasikia umegota lakini ndani picha inaenda kwenye njia ya sauti. Huo muungurumo unaousikia ndo picha yako ya PS2 inapigwa kwenye spika, ivo tu.

Kabla hujatoa hela jaribu hivi. Badilisha rangi, njano ichomeke kwenye nyekundu, alafu jaribu kwenye nyeupe, uone. Haitaunguza kitu, picha yenyewe ni kama volti 1 tu. Ikikubali weka alama na solotepu umemaliza. Isipokubali manake hata ethi imekaa sehemu nyingine, hapo utabadilisha mpaka kesho na hutopata kitu, tafuta waya wa hiyo TV yako. Mara nyingi unakuja ndani ya boksi la TV na watu wanautupa pamoja na boksi kwa kudhani ni takataka, ukaangalie kwanza kabla hujaenda dukani.

Na wale wenye TV zenye matundu matano, kijani, bluu, nyekundu, alafu nyeupe na nyekundu tena, msikate tamaa kwa kukosa njano. Kaangalie kijani kwa karibu, nyingi zimeandikwa Video/Y au AV pembeni yake au tundu limezungushiwa kamstari ka njano. Maana yake njano yako inaingia kwenye kijani, alafu kwenye rimoti unachagua AV, sio Component. Ukichagua Component hapo utapata picha isiyo na rangi uje useme fundi kadanganya.

Sasa vile viboksi vya kubadilisha AV kuwa HDMI. Viko vya aina mbili na kwa nje vinafanana kabisa, kimoja kimeandikwa AV2HDMI na kingine HDMI2AV. Wewe unataka AV2HDMI, yaani AV inaingia HDMI inatoka. Kile kingine ni cha mtu mwenye king'amuzi kipya na TV ya kichogo, na hakifanyi kazi kinyumenyume hata ukibembeleze. Watu wengi sana wanaouziwa "kibovu" wameuziwa hicho. Pia kinataka umeme wake wa USB, ule wa volti 5, bila hivyo TV itakuambia hakuna signo.

Ila mimi kwa PS2 sipendekezi hata hicho kiboksi. AV ya rangi tatu ndo njia mbaya kuliko zote ambazo PS2 inazo, mwanga na rangi zote zimesukumwa kwenye kiwaya kimoja cha njano, zikifika kule TV inabidi izichambue upya na haiwezi kuzichambua vizuri, ndo maana maandishi yanakuwa na ukungu na nyekundu inavuja pembeni. PS2 inatoa pia component, ile ya kijani bluu nyekundu ambapo mwanga una waya wake na rangi zina zake. TV yako kama ina hayo matundu tafuta waya wa component wa PS2. Kama haina, kuna kale kaadapta ka HDMI ka PS2 kanakochomekwa nyuma moja kwa moja, kenyewe kanachukua component hiyo hiyo kwa ndani. Lakini kabla hujakanunua soma swali linalofuata.

SWALI: Nimenunua hiyo adapta ya HDMI ya PS2, nikiwasha rangi zote za ajabu, uso wa mtu kijani, ukuta zambarau. Muuzaji anasema PS2 yangu imechoka. Alafu CD za PS1 ndo hazionyeshi kabisa, nasikia sauti tu. (Mdau, Mwanza)

JIBU: PS2 haijachoka, muuzaji ndo kachoka kueleza. Washa PS2 bila CD, ingia System Configuration, shuka mpaka Component Video Out. Hapo kuna chaguo mbili, RGB na nyingine imeandikwa Y Cb/Pb Cr/Pr. Yako iko kwenye RGB, weka hiyo nyingine ndefu. Kama rangi zimeharibika mpaka huoni maandishi, chomeka kwanza waya wa njano kwenye TV yoyote inayoupokea, badilisha, zima, rudisha adapta. PS2 inakumbuka yenyewe, isipokuwa kama betri yake ya ndani ya saa imekufa, basi inaweza kukusahaulisha kila ukichomoa umeme mpaka ubadilishe betri. Na kale kawaya ka USB ka adapta kachomeke kwenye USB ya mbele ya PS2 yenyewe, inatosha.

Hiyo ya CD za PS1 ni kitu kingine na inafaa ieleweke, manake inahusu karibu mashine zote za zamani. TV za wakati ule zilichora picha kwa mistari, nusu ya mistari kwanza alafu nusu nyingine katikati yake, TV ya kawaida ya Marekani mistari 480 inayoonekana, ya kwetu ya PAL 576. Watu wa gemu wakagundua ujanja, ukichora nusu ile ile kila mara bila ile nyingine unapata picha isiyotetemeka na mashine haichoki, yaani mistari 240. Famicom, Super Nintendo, Mega Drive, PS1, wote walitumia ujanja huo. TV ya kichogo haikujali, ilichora tu kinachokuja. Lakini flati nyingi hazijui kama kuna kitu kinaitwa 240, nyingine zinaikubali zikidhani ni 480 iliyokatwa nusu zinaanza kuiunganisha, unapata picha ya ovyo inayotetemeka, vivuli vinavyowaka na kuzima vinapotea kabisa. Nyingine zikiipata kwa HDMI au component zinakataa moja kwa moja skrini nyeusi. Ndo hiyo yako. Kwahiyo PS2 iache kwenye adapta, na ukitaka CD za PS1 chomeka waya wa njano, kwenye AV TV nyingi zinaivumilia 240 hata kama haipendezi.

Na usitegemee hiyo adapta kuongeza ubora. PS2 ilitoka 2000, ikauzwa zaidi ya milioni 155 dunia nzima, na gemu zake nyingi zinatoa picha ya TV ya wakati huo tu. Ukikaa hatua mbili kutoka kwenye inchi 55 utaona vidoti, hilo sio kosa la mtu.

SWALI: Sasa fundi. Nina kibanda cha gemu, nilikuwa na TV za mgongo nne nikauza zote nikaweka flati. Sahi wateja wanalia padi zinachelewa, ukipiga pasi mchezaji anatoa baada ya muda, wamehamia kwa jirani mwenye kichogo cha Great Wall cha inchi 14. Nimebadilisha padi zote na bado. (Kijana wa Nairobi)

JIBU: Pole, na jirani yako anajua anachofanya. Padi hazina shida, hizo pesa ungeniuliza kabla.

TV ya kichogo inachora mstari unapofika, haingoji chochote. Flati kwanza inapokea picha nzima, inaunganisha zile nusu mbili, inaikuza ijae kioo, inaipaka urembo wa rangi, inatengeneza na picha za katikati za uongo ili filamu ionekane laini, ndo inakuonyesha. Kila hatua inakula muda. Gemu ya NTSC, mfumo wa Marekani na Japani, inabadilisha picha mara 60 kwa sekunde, yaani kila picha ni kama milisekunde 17, ya PAL mara 50, milisekunde 20. TV iliyoachwa kwenye mtindo wa sinema inaweza kuchelewa zaidi ya milisekunde 100, sasa hesabu mwenyewe hizo ni picha ngapi, mpira ushachukuliwa na mtu bado anabonyeza iksi.

Fanya hivi. Rimoti, setingi za picha, tafuta Game Mode, washa. Hilo peke yake litakurudishia nusu ya wateja. Baadhi ya TV hiyo setingi unaiwasha kwa kila tundu peke yake, kwahiyo ukiiwasha kwenye HDMI 1 alafu PS2 iko HDMI 2 hujafanya kitu. Zima kila kinachojiita Motion, Smooth, Noise Reduction, vyote. Kama ulitumia kile kiboksi cha AV2HDMI kitoe weka adapta ya component niliyosema hapo juu, manake kile kiboksi kinachelewesha chenyewe kabla hata TV haijaanza, na ile swichi yake ya 720 na 1080 ni ya kukuza tu, haiongezi chochote kwenye picha. Kama PS2 zako zimechipiwa (zimefungwa chipu ya kuruka kizuizi) au zinasoma gemu kwa OPL, ile programu ya kuendeshea gemu, kutoka kwenye hadi diski, humo ndani kuna kitu kinaitwa GSM, kinalazimisha gemu itoke 480p, picha nzima kwa mara moja, TV haina tena kazi ya kuunganisha nusu mbili. Gemu zingine zinagoma au zinakatika picha ukifanya hivyo, jaribu moja moja.

Hata ukifanya yote haya hutamfikia mwenye Great Wall, utamsogelea tu. Kwa mchezo wa boli Game Mode inatosha, watu wanazoea. Kwa ngumi, wale wanaohesabu kila pigo, mi ningetafuta kichogo kimoja nikirudishe kibandani, bado zinatupwa mitaani na watu wasiojua wanachotupa.

SWALI: Mwanangu fundi, wajukuu wamefukua ile gemu ya kaseti ya baba yao, ile nyeupe na nyekundu ya padi mbili ndogo. Haina waya wa rangi tatu, ina waya mmoja tu unaoingia kwenye tundu la antena. TV mpya nimeitafutisha stesheni mara nyingi haioni kitu. Watoto wananisumbua. (Mzee, Morogoro)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Hiyo mashine ni kama kituo kidogo cha televisheni, inarusha picha yake kwa mfumo wa analojia kupitia waya wa antena. TV yako ukiiambia itafute inatafuta dijitali kwanza, na kwa kuwa huku kwetu analojia zilianza kuzimwa mwisho wa 2012, ukiianzisha TV mpya mara nyingi inaenda dijitali moja kwa moja. Naomba mmoja wa wajukuu aingie kwenye menyu ya kutafuta stesheni achague Analog au ATV, gemu ikiwa imewashwa na kaseti ndani, alafu aache itafute mpaka mwisho. Ikipita kwenye chenga na ikaonyesha kitu, asimamishe atafute taratibu kwa mkono. Ikiwa menyu haina kabisa hiyo analojia basi TV haina hicho kifaa ndani na hakuna setingi itakayokileta.

Kama mashine ni Famicom halisi ya Nintendo iliyotoka Japani, ile ya 1983, hiyo inarusha kwenye chaneli za Kijapani, karibu megahezi 91 au 97, huku kwetu hapo ni redio za FM, TV nyingi zinaparuka. Ile ya kuigiza kutoka China iliyojaa kwetu miaka ya tisini mara nyingi iko kwenye masafa yetu, na nyingi zina matundu mawili ya AV ubavuni ambayo watu hawakuyatumia kwa sababu TV zao hazikuwa nayo. Mgeuzeni mashine ubavu kwanza mzee, mnaweza kukuta kazi imeisha.

Lakini kama ni antena tu, kuna deki ya video popote nyumbani? Deki ya kanda za VHS ina tundu la antena la kuingilia na matundu ya AV ya kutokea. Gemu inaingia kwenye deki kama antena, deki inatafutishwa chaneli, alafu AV ya deki inaenda kwenye TV. Kanda haihitajiki, hata kama kichwa cha deki kimekufa haina neno, tunachotaka ni kile kipokezi chake tu. Hii njia naipenda kuliko kumpeleka fundi aifungue mashine atoe AV kutoka ndani, ingawa hilo nalo linawezekana, ni transista moja na vikorokoro vichache, ila uwe na fundi unayemwamini.

SWALI: Fundi, ile bunduki ya kupigia bata. Gemu inaonekana safi kabisa kwenye flati, bata wanaruka, lakini nikipiga hafi hata mmoja, mbwa ananicheka. Nimesogea mpaka nimegusisha kioo. (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Huyo mbwa atakucheka mpaka uzeeni, kwenye flati hafi bata.

Watu wanadhani bunduki inatoa kitu kuelekea TV. Haitoi chochote, yenyewe ni jicho. Ukivuta kifyatulio skrini inakuwa nyeusi kwa kufumba na kufumbua, alafu pale alipo bata panatokea kibox cheupe. Bunduki ikiona giza kisha mwanga, gemu inahesabu umempiga. Bata wakiwa wawili, box la kwanza linatokea picha moja, la pili picha inayofuata, gemu inajua ni yupi kwa kuangalia mwanga ulikuja lini. Lile giza la kwanza limewekwa makusudi, bila hivyo ungeelekeza kwenye balbu ukashinda siku nzima (na wapo waliojaribu).

Sasa flati inakwama mara mbili. Ya kwanza ni ule ucheleweshaji niliomweleza kijana wa Nairobi, gemu inauliza "umeona mwanga?" wakati TV bado inapaka urembo, bunduki inajibu hapana. Ya pili, hata TV ingekuwa na haraka kiasi gani, lile jicho limetengenezwa likubali mwanga unaomweka kwa kasi ya mistari ya TV ya kichogo, mara elfu 15 na kitu kwa sekunde, ili lisidanganywe na taa ya chumbani. Mwanga wa flati haumweki hivyo, kwa bunduki ni sawa na taa. Ndo maana kugusisha kioo hakusaidii.

Na wenye GunCon ya PS1, ile yenye kichomekeo cha njano cha ziada, msije mkaniuliza mwezi ujao, yenu inasoma muda wa mstari kwenye TV ya kichogo na nayo haifanyi kazi kwenye flati. Kuna bunduki mpya inaitwa Sinden, ina kamera, inatafuta fremu nyeupe pembezoni mwa picha, hiyo inafanya kazi kwenye flati lakini kwa gemu zinazoendeshwa kwenye kompyuta, sio kwa kuichomeka kwenye mashine ya kaseti. Kwa bata wako tafuta kichogo, hata cha inchi 14, kiweke chumbani.

SWALI: Kaka fundi, niko Ohio, kwenye maduka ya mitumba huku naona PS2 nene na Super Nintendo kwa bei ndogo. Mdogo wangu Dar anataka nimtumie. Kuna la kuangalia? (Dada yenu)

JIBU: Dada, la kwanza umeme, mambo ya picha baadae. Huko ni volti 120, Dar ni 230. PS2 nene ya Marekani umeme wake uko ndani ya mashine na ni wa huko, mdogo wako akibadilisha tu kichwa cha plagi akachomeka ukutani atasikia paa na harufu. Anahitaji transfoma ya kushusha, ya wati 100 inatosha kwa PS2 moja. Zile nyembamba zenye adapta ya nje geuza adapta usome, ikiandikwa 100-240 mtumie bila wasiwasi, ikiandikwa 120 tu usitume.

Za kaseti zina adapta za nje, hapo anaweza kununua adapta ya huku, ila awe makini mno. Volti, kama ni AC au DC, na plasi iko ndani au nje ya pini. NES, yaani Famicom ya toleo la Marekani, inakuja na adapta ya AC ya volti 9, ukiichomeka kwenye Famicom ya Japani inayotaka DC unaweza kuiua. Mega Drive ya kwanza plasi iko nje, ya pili plasi iko ndani, na zote zimeandikwa jina moja. Sijui aliyebuni hilo alikuwa anafikiria nini.

Upande wa picha, hizo ni NTSC. Flati nyingi zinaipokea bila shida. TV ya kichogo ya zamani sana inayojua PAL tu itatoa picha isiyo na rangi au inayoruka, ingia menyu ya Colour System weka Auto au NTSC 3.58 kama ipo. Na CD, mwambie asahau kununua CD za PAL mtaani, PS2 ya huko haizisomi mpaka ichipiwe. Super Nintendo nayo kaseti zake za huko ni pana na za mraba, za Ulaya na Japani haziingii bila kuvunja vile viplastiki viwili vya ndani.

SWALI: Niko Maskati, nina Super Famicom, Mega Drive na PS1, na TV mpya inchi 75. Rafiki ananishauri RetroTINK, mwingine OSSC. Bei nimeziona nikakaa chini. Kuna umuhimu? (Msomaji)

JIBU: Kwa inchi 75 na mashine tatu kama hizo, ndio, we ni mtu ambaye vile vitu vilitengenezwa kwa ajili yake. Vyote ni viboksi vya kukuza picha za mashine za zamani, vinafanya kile TV yako isichojua, vinaitambua ile 240 kwa jina lake na kuikuza mstari kwa mstari kwa usahihi badala ya kuichanganya.

OSSC inarudufisha mistari inavyoingia, haihifadhi picha nzima kwahiyo haicheleweshi karibu chochote, lakini haina tundu la njano, inataka RGB au component. Na TV nyingine zinagoma kupokea inachotoa, hasa ukiitaka mara nne au mara tano. RetroTINK za yule Mike Chi ziko za ngazi mbalimbali, ile ndogo ya 2X inapokea njano, S-video na component na haina mambo mengi. Ya 4K ilitoka 2023 kwa dola 750, hiyo waachie wenyewe.

Ushauri wangu, pesa ya kwanza iende kwenye waya. Mashine zako zote tatu zinaweza kutoa RGB, kila rangi na kiwaya chake, kwa waya wa SCART, kile kichomekeo kipana, na kiboksi cha bei kali ukikilisha waya wa njano uliochoka kitakukuzia uchafu mpaka inchi 75. Angalia tu, SCART ya Ulaya na ile ya pini 21 ya Japani zinafanana umbo lakini ndani zimefungwa tofauti, na Super Famicom yako ni ya Japani, muuzaji akikwambia "zote sawa" ondoka. Anza na waya mzuri na kitu cha ngazi ya chini, ukiona bado unakereka ndo upande.

SWALI: Dreamcast na monita ya zamani ya ofisini yenye VGA, inawezekana? (Arusha)

JIBU: Inawezekana na inapendeza kuliko mashine yoyote ya umri wake. Dreamcast inatoa VGA ya kweli, 640 kwa 480, unatafuta waya wa VGA wa Dreamcast tu, hakuna cha kubadilisha wala kuchelewesha. Gemu chache zinakataa na kukwambia haziwezi. Monita nyingi hazina spika kwahiyo sauti ipeleke kwenye sabufa kwa waya wake.

SWALI: Fundi mbona watu wote kwenye gemu wamenenepa? (Dodoma)

JIBU: TV imevuta picha ijae kioo. Gemu hizo zilichorwa kwa TV ya 4 kwa 3, yako ni 16 kwa 9. Kwenye rimoti bonyeza kitufe cha Aspect, Zoom au P.Size, kila kampuni na jina lake, chagua 4:3, utapata weusi kulia na kushoto na watu watakonda. Ukiona haibadiliki na unatumia kiboksi cha AV2HDMI, ni kiboksi ndo kimevuta kabla TV haijapokea, TV inajua ni 16 kwa 9 tayari. Baadhi ya TV zitakuruhusu kulazimisha 4:3 hata hivyo, nyingine hazikuruhusu kwenye HDMI, na hapo rudi kwenye swali la mtu wa Tanga uanze na kale katundu ka AV.